Makumbusho Tembezi ya Waroma: Mwongozo Kamili wa Kuyaanzisha, Kuyajaza na Kuyasafirisha

Kila Julai tangu 1996, msafara huondoka katika mji wa Tarnów, kusini mwa Poland, na kuzunguka vijiji ambako Waroma, watu wa jamii ya wachache ya Ulaya ambao wengi huwaita "Gypsy", waliuawa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Husimama Szczurowa, ambako watu 93 walipigwa risasi tarehe 3 Julai 1943. Husimama pia Borzęcin Dolny, kwenye kaburi la pamoja lililofichwa na msitu. Kwenye vituo hivyo watu huomba, hula, huimba, na wanavijiji hutoka kuangalia. Nyuma ya msafara huo liko jumba la makumbusho la Tarnów, lenye maonyesho ya kudumu ya historia ya Waroma tangu 1990. Msafara huo unatukumbusha kwamba mtu asiyewapenda Waroma hawezi kukata tiketi kwenda kuwasoma. Basi ni makumbusho yatakayomfuata yeye, sokoni, shuleni, mbele ya ofisi ya halmashauri.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuandaa makumbusho ya aina hiyo: gari au trela moja, vitu vichache vilivyochaguliwa kwa makini, kazi za sanaa zilizotengenezwa na wenyeji, na watu wa kuzieleza. Ninawaandikia hasa Waswahili walioko Ulaya wanaofanya kazi katika vituo vya jamii, shule na vikundi vya sanaa. Wapo wanaoishi mtaa mmoja na Waroma, wamezisikia dhana zote za wizi na uchawi, na wengine, tusema kweli, wamezirudia.

Jambo moja liamuliwe kabla ya mengine yote, kwa kuwa ndilo litakaloongoza kila hatua: kinachowekwa kwenye kabati la kioo kiwe ubaguzi wenyewe, Waroma wasiwekwe humo. Maonyesho mengi ya nia njema hupanga sketi za maua, violini na sufuria za shaba, mgeni akasema "wana utamaduni mzuri", akarudi nyumbani na dhana zake zote. Ukimwonyesha jinsi dhana hizo zilivyotengenezwa, nani alizitunga na nani alifaidika, hapo ana jambo la kufikiri.

Hatua ya 1: Funguo za gari ziwe mikononi mwa Waroma

Waroma wa Ulaya wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 12, na si kundi moja. Wapo Wasinti wa Ujerumani, Wakale wa Hispania, Wakalderash, Walovari, Waromanichal wa Uingereza, na wengineo, wenye lahaja, dini na historia tofauti. Kwa hiyo usitafute "mwakilishi wa Waroma". Tafuta familia za mji huo utakakoanzia, na chama chao kama kipo.

Undeni kamati ndogo ambayo wengi wake ni Waroma, wazee na vijana, wanawake wakiwamo tangu mkutano wa kwanza. Kamati iwe na kura ya turufu: kitu ikikikataa, hakiingii garini hata kama mfadhili amekipenda. Waandikieni makubaliano mafupi yanayosema nani anamiliki gari, nani anamiliki kazi za sanaa, na nani anazungumza na waandishi wa habari. Tena walipeni. Mwanahistoria hulipwa akitoa mhadhara, dereva hulipwa akiendesha, lakini bibi wa Kiroma anayesimulia maisha yake kwa saa tatu hupewa kahawa na shukrani. Huo nao ni ubaguzi, na wageni huuona.

Jina la kuwaita lisiamuliwe na wewe. Neno "Gypsy" baadhi ya familia za Uingereza hulitumia wenyewe kwa fahari. "Zigeuner" kwa Wasinti na Waroma wengi wa Ujerumani ni tusi. Kamati ichague, na likishachaguliwa litumike kila mahali.

Hatua ya 2: Kusanya maswali kabla ya kukusanya vitu

Hapa ndipo wengi huanza kinyume. Hukimbilia kutafuta vitu, kisha wakavitafutia maelezo. Anza na yale ambayo watu wa mji huo husema kweli. Kaa kwenye kinyozi, kituo cha basi, chumba cha walimu, na uandike kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. Waulize Waroma nao ni maneno gani wameyachoka. Utajikuta na orodha fupi kuliko ulivyodhani, maana ubaguzi hauna ubunifu: wanaiba, hawapendi shule, hawatulii mahali pamoja, wanajitenga wenyewe.

Kisha kila swali litafutiwe kitu kimoja cha kulijibu. Mifano ifuatayo ni ya kweli, na nakala au picha zake zinaweza kutafutwa kwenye hifadhi za nyaraka.

*"Kwa nini hawatulii?"* Waroma wengi wa Ulaya wana makazi ya kudumu kwa vizazi vingi. Katika Wallachia na Moldavia, sehemu za Romania ya leo, walikuwa watumwa wa watawala, makabaila na nyumba za watawa kwa karibu karne tano. Nyaraka za mwanzo kabisa za utumwa huo ni za 1385, na haukufutwa hadi 1855 na 1856. Mtumwa haendi apendako. Na huko Ufaransa, waliokuwa wakihama kweli walilazimishwa kwa sheria ya 1912 kubeba kijitabu chenye picha ya uso na ya ubavu, alama za vidole na vipimo vya mwili, na kukigongesha mhuri kila walikofika na walikoondoka. Kijitabu hicho kilifutwa 1969, kikaja kingine cha mwendo, ambacho nacho hakikufutwa hadi 2017. Nakala ya kijitabu kama hicho, mgeni akaipekua kwa mikono yake mwenyewe, inafanya kazi kuliko bango la mita mbili.

*"Hawataki shule."* Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu katika kesi ya wanafunzi 18 Waroma kutoka Ostrava, Jamhuri ya Czech, waliowekwa katika shule maalumu zilizokusudiwa watoto wenye ulemavu wa akili. Mahakama ilisema huo ni ubaguzi. Weka dawati la shule na mtihani wa kawaida wa akili juu yake. Mgeni akae, ajaribu kuufanya kwa lugha asiyoijua.

*"Wanajitenga wenyewe."* Oktoba 1999, katika mtaa wa Matiční mjini Ústí nad Labem, halmashauri ilijenga ukuta kuwatenga wapangaji Waroma na majirani zao. Ulibomolewa wiki sita baadaye baada ya kelele za dunia nzima. Picha mbili za ukuta huo, moja ukijengwa na nyingine ukibomolewa, zatosha. Asiyekubali na ahesabu matofali.

*"Wanaiba."* Hili ndilo gumu, na usilijibu kwa takwimu, kwa sababu utaingia katika mchezo wa mwenye swali. Huko Ureno baadhi ya wenye maduka huweka chura wa kauri mlangoni, wakiamini Waroma wanamwogopa na hawataingia. Leonor Teles, mtengenezaji filamu wa huko ambaye baba yake ni Mroma, alitengeneza filamu fupi kuhusu vyura hao, akashinda tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2016. Mweke chura mmoja wa kijani mlangoni pa trela, pasipo maelezo. Waache watu wamcheke, wampapase, watoto wapige naye picha. Maelezo yawe ndani, karibu na njia ya kutokea. Mtu anayesoma hapo anakumbuka kwamba dakika ishirini zilizopita alimwona ni pambo tu.

Hatua ya 3: Vitu vya familia, na picha zisizopaswa kukuzwa

Vitu vya watu azima, usinunue. Kila kitu kiwe na fomu ya ukurasa mmoja: jina la mwenyewe (au jina atakalo kutajwa nalo), hali ya kitu siku kilipopokelewa pamoja na picha zake, tarehe ya kukirudisha, na kama anaruhusu kigusike. Mwenye kitu aandike au asimulie mwenyewe habari yake. Usimwandikie.

Kuna aina moja ya picha inayohitaji tahadhari kubwa. Kuanzia 1936, Robert Ritter, daktari aliyeitumikia serikali ya Wanazi, na wenzake mjini Berlin waliwapima Wasinti na Waroma vichwa, wakawapiga picha na kuchora nasaba zao, na karatasi hizo ndizo zilizotumiwa kuwapeleka kwenye kambi za Wanazi. Ritter hakuhukumiwa kamwe. Baada ya vita alipata kazi katika idara ya afya ya Frankfurt. Picha alizoacha ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani na zinapatikana kirahisi, ndiyo maana zinajirudia kila mahali. Lakini wanaotazama kamera ndani yake hawakuwa na hiari. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua habari hii kwa upande wake: Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na wajukuu wake mpaka leo wanatafuta fuvu lake lililodaiwa kupelekwa Ujerumani. Elimu iliyopima mafuvu ya Wachaga na iliyopima vichwa vya Wasinti ilitoka katika vyumba vya aina moja.

Kwa hiyo kanuni ni hii: picha ya Ritter isionyeshwe bila ridhaa ya ukoo, na kama ukoo haujulikani, onyesha vyombo vya kupimia na fomu tupu. Tafuta picha ambazo familia zilijipiga zenyewe: arusi, gari jipya, mtoto akienda kanisani. Hazina nzuri ya kuanzia ni RomArchive, hifadhi ya kidijitali ya sanaa za Waroma iliyofunguliwa 2019.

Hatua ya 4: Sanaa itengenezwe na wenyeji, na itengenezwe iweze kukunjwa

Mwaka 2022 banda la Poland katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice lilifunikwa ndani kwa vitambaa vikubwa kumi na viwili, kimoja kwa kila mwezi. Msanii alikuwa Małgorzata Mirga-Tas, Mroma kutoka kijiji cha Czarna Góra, na alikuwa Mroma wa kwanza kuiwakilisha nchi peke yake huko. Vitambaa vile vilishonwa pamoja na wanawake wengine, kwa nguo zilizovaliwa na watu. Sehemu ya juu aliichukua kutoka michoro ya karne ya 17 ya Jacques Callot, aliyewachora Waroma kama kundi la wezi na ombaomba. Mirga-Tas akawavisha watu walewale rangi na heshima. Katikati akaweka wanawake Waroma waliomtangulia. Chini, maisha ya kawaida ya kila siku.

Msanii huyo hutumia pia viambaza vya kukunja, vile vya kutenganisha chumba. Kwa makumbusho tembezi hakuna umbo bora zaidi: kimoja ni ukuta, ni kazi ya sanaa na ni mizigo inayolala bapa. Huko Bódvalenke, kaskazini mashariki mwa Hungary, wachoraji Waroma walijaza kuta za nyumba michoro mikubwa kuanzia 2009, na kijiji kikapata wageni. Ni kazi nzuri, ila ukuta wa nyumba humngoja mgeni. Kiambaza humfuata.

Utaratibu wa karakana:

1. Tengeneza fremu za mbao nyepesi zenye mbao tatu kila moja, urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 70 kwa ubao, ziunganishwe kwa bawaba. Zipite mlango wa trela zikiwa zimekunjwa. Pima mlango kwanza.
2. Kila familia ilete nguo moja yenye historia, hata kipande. Zifungwe kwenye mifuko ya plastiki na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kuua nondo na mayai yake. Ukiruka hatua hii, nondo wa nguo moja watamaliza zote.
3. Familia ichague picha na mkao. Picha ikuzwe kwenye karatasi, mistari mikuu ihamishiwe kwenye turubai kwa chaki.
4. Nguo zikatwe na kupangwa bila gundi kwanza, kila mtu aone. Hapa ndipo mabishano mazuri hutokea: bibi hataki kuonekana na sigara, mjukuu anasema bila sigara si yeye. Msanii anyamaze, waamue.
5. Shoneni kwa mkono au kwa cherehani. Gundi hukauka na kugeuka njano; sindano hudumu. Turubai ishikizwe kwenye fremu kwa velkro ili iweze kutolewa na kusafishwa.

Upande wa mbele wa kiambaza uwe sura za watu. Upande wa nyuma uwe ule wa ubaguzi: nakala za sheria, vichwa vya magazeti, maneno yaliyokusanywa katika hatua ya 2, yakiwa yamedariziwa kwa uzi mwekundu. Mgeni hawezi kuuona mmoja bila kuuzunguka mwingine.

Hatua ya 5: Gari

Gari la kubeba mizigo lisilozidi kilo 3,500 likiwa limepakiwa laweza kuendeshwa Ulaya kwa leseni ya kawaida ya daraja B, na trela ndogo isiyozidi kilo 750 nyuma yake. Baki humo. Ukivuka uzito huo, utatafuta dereva maalumu kila safari na bajeti itakatika.

Mwanga kwa nguo za zamani usizidi luksi 50. Programu za simu hupima kwa kiasi cha kutosha. Tumia taa za LED, na mlango wa upande uwe na pazia. Unyevu ni adui mkubwa kuliko jua katika Ulaya ya Kati, kwa hiyo usifunge trela ikiwa na watu waliotoka mvuani. Ingiza wanane kwa zamu na uache hewa ipite. Weka ngazi ya mteremko kwa viti vya magurudumu. Na weka choo katika ratiba. Hakuna anayeandika habari za choo, lakini waongozaji watasimama uwanjani kwa muda wa saa sita.

Hatua ya 6: Maandishi

Kila kibao kisizidi maneno 60, kwa lugha ya nchi na kwa Kiromani cha lahaja ya hapo. Kisomwe kwa sauti na kijana wa miaka 14 kabla ya kuchapwa. Akikwama, andika upya. Kwa wasiosoma, kuwe na kitufe cha kusikiliza, sauti ya mwenye kitu yenyewe.

Hatua ya 7: Waongozaji

Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kwamba kukutana tu hakupunguzi chuki. Watu wakutane wakiwa na hadhi sawa, wana shughuli moja ya kushirikiana, na wenye mamlaka wanaiunga mkono. Ndiyo sababu mwongozaji Mroma asiwe kama kielelezo kingine cha kutazamwa. Ndiye mwenyeji. Yeye ndiye anayefungua mlango, anayekaribisha, na ndiye anayeuliza.

Wafundisheni kwa mazoezi, mmoja akijifanya mgeni mkali. Kanuni tatu zinatosha. Usitoe ushahidi wa uadilifu wako: hakuna mwongozaji anayelazimika kueleza kwamba yeye haibi. Swali lipelekwe kwenye kitu: "njoo nikuonyeshe", halafu mnatazama pamoja. Na una haki ya kuondoka. Mwenzako achukue nafasi. Mtu wa kundi la wengi awepo kwenye kila zamu, ili matusi yakianza ayajibu yeye. Mzigo huo si wa aliyetukanwa.

Hatua ya 8: Ratiba na vituo

Siku moja mahali pamoja ni sarakasi. Kaa tatu. Jioni ya kwanza iwe ya Waroma wa mji huo peke yao, wakague, wakosoe, waondoe wasichotaka majirani wakione. Siku ya pili iwe ya shule. Ya tatu, Jumamosi, sokoni.

Tarehe zina uzito wake. Aprili 8 ni Siku ya Kimataifa ya Waroma, kwa kumbukumbu ya kongamano la kwanza la dunia lililofanyika karibu na London mwaka 1971. Agosti 2 ni kumbukumbu ya usiku wa 1944 ambao Waroma zaidi ya 4,000 waliobaki katika kambi ya mauaji ya Auschwitz-Birkenau waliuawa kwa gesi. Siku hiyo msipige muziki wa kuvutia wateja. Ila msifike katika tarehe hizo tu: mameya hupenda kuhutubia Aprili na kusahau Novemba.

Ombeni pia vituo ambavyo havijaomba: chuo cha polisi, hospitali ya uzazi, ofisi ya makazi. Katika Jamhuri ya Czech wanawake Waroma walifungwa uzazi hospitalini bila ridhaa, na sheria ya kuwalipa fidia ilipatikana 2021. Mkunga mwanafunzi anahitaji kuliona hilo kuliko mtalii.

Hatua ya 9: Usalama na daftari la majina

Mnara wa mbao wa kumbukumbu pale Borzęcin Dolny, kazi ya Mirga-Tas, uliwekwa 2011 na ukavunjwavunjwa kwa shoka 2016, kisha ukajengwa tena. Chukulieni kwamba jambo kama hilo linaweza kuwafika. Bima itaje uharibifu wa makusudi. Usiku gari lilale penye uzio na taa. Kila kiambaza kipigwe picha kwa ubora wa juu. Kikiharibiwa, kamati iamue: kishonwe upya, au kioneshwe na makovu yake.

Kuhusu wageni, msikusanye majina pamoja na asili ya mtu. Sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu 2018, inaiweka asili ya kikabila katika taarifa nyeti. Waroma wana sababu yao ya ziada: polisi wa Bavaria walichapisha kitabu cha majina yao mwaka 1905, na orodha za aina hiyo ndizo zilizorithiwa na Wanazi.

Hatua ya 10: Fedha, na kupima matokeo

Omba ruzuku mahali zaidi ya pamoja: mpango wa CERV wa Umoja wa Ulaya una fungu la kumbukumbu za historia, Erasmus+ huwafaa vijana na shule, taasisi ya EVZ ya Berlin husaidia kazi za namna hii, na halmashauri ya mji ilipe japo kidogo ili isiseme haikujua. Malipo ya Waroma yaandikwe kama mishahara. Yasitupwe katika fungu la "mengineyo".

Usipime kwa kuwauliza wageni kama wamefurahi. Waulize shuleni, wiki moja kabla na miezi mitatu baadaye, maswali yaleyale ya vitendo: ungekaa dawati moja na mtoto wa Kiroma? Ungempangisha chumba? Halafu tazama kilichobadilika nje ya gari. Je, duka limemwondoa mlinzi anayewafuata Waroma peke yao? Je, shule imebadili utaratibu wa kuandikisha watoto? Majibu yasomwe kwanza na kamati, kabla ya mfadhili, kisha ratiba ya msimu ujao ipangwe kwa kuanzia na miji ambako hakuna kilichobadilika.